Risasi iliingia kifuani, ikakutwa nyuma ya goti: je, risasi husafiri kwenye damu?

Swali la msomaji: "Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alipigwa risasi kifuani, upande wa kushoto. Tundu la kuingilia lilikuwepo, la kutokea hakuna. Walimpiga picha ya kifua, risasi haikuonekana. Usiku akaanza kulia kwamba mguu wa kushoto unamuuma na una ganzi. Ukiugusa ulikuwa wa baridi. Wakapiga picha ya mguu, risasi ikaonekana nyuma ya goti, wakampasua wakaitoa. Sasa yuko nyumbani, anatembea. Hapa ndugu wanabishana: wengine wanasema alipigwa risasi mbili, wengine wanasema picha zilichanganywa na za mgonjwa mwingine. Je, kweli risasi inaweza kutoka kifuani ikafika gotini? Na mimi mwenyewe nina marisau mawili, zile punje ndogo za risasi, begani, yapo tangu nikiwa kijana. Yanaweza siku moja kuondoka yakaenda moyoni?"

Marahaba. Pole kwako, na pole zaidi kwa mdogo wako.

Ndiyo, risasi inaweza kuingia kifuani ikakutwa nyuma ya goti bila kutoboa tumbo, nyonga wala paja. Inapita ndani ya mshipa wa damu. Kwa jinsi ulivyoeleza, hilo ndilo linaloingia akilini kuliko risasi mbili au picha kuchanganywa. Kama angepigwa risasi ya pili, mguu ungekuwa na tundu lake. Kama picha ingekuwa ya mtu mwingine, mguu wake usingekuwa wa baridi, na waliompasua wasingekuta kitu.

Siwalaumu ndugu zako kwa kutoamini. Madaktari wengi wa upasuaji hufika mwisho wa kazi yao bila kukutana na mgonjwa wa namna hii hata mmoja. Wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani waliweka daftari maalumu la majeruhi wa mishipa ya damu. Kati ya majeruhi wapatao 7,500 wa daftari hilo, waliokutwa na risasi au kipande cha chuma kilichobebwa na damu walikuwa 22, yaani asilimia 0.3. Na hao 7,500 wote tayari walikuwa na mshipa uliojeruhiwa. Ukiwachanganya na kila aliyewahi kupigwa risasi, sehemu hiyo inazidi kuwa ndogo.

Hata hivyo si habari mpya. Mwaka 1834 daktari wa Uingereza, Thomas Davis, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 10 aliyejeruhiwa kifuani na bunduki ya kujitengenezea. Kilichomwingia hakikuwa risasi bali kipande cha mti. Mtoto aliishi wiki chache kisha akafariki, na alipopasuliwa, kipande kile kilikutwa ndani ya chumba cha chini cha kulia cha moyo, ilhali moyo wenyewe haukuwa na jeraha la kukiingiza. Maelezo yaliyobaki ni kwamba kiliingia kwenye vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, damu ikakisukuma hadi huko. Hiyo ilikuwa miaka 61 kabla ya mionzi ya eksirei kugunduliwa, kwa hiyo mtu hakuwa na njia ya kuona kitu cha namna hiyo ila kwa kupasua maiti.

Sasa kwa nini ni nadra hivyo? Kwa sababu risasi yenye kasi haisimami ndani ya mshipa. Inatoboa ukuta wa kwanza, inatoboa wa pili, inaendelea na safari. Ili ibaki ndani, nguvu yake lazima iwe imebaki ya kutosha kutoboa ukuta mmoja tu, iishie hapo. Mara nyingi hiyo ni risasi ndogo, kama ile ya milimita 5.6 ambayo haina uzito wa gramu tatu, au risasi iliyochoka kwa kupita kwenye mbavu, mlango au bati kabla ya kumfikia mtu. Marisau pia: ni madogo, ni mengi, na yakitoka mbali hupoteza kasi upesi. Vipande vya mabomu na makombora ni hivyo hivyo, ndiyo maana vita hutoa wagonjwa wengi wa aina hii. Tena kitu chenyewe lazima kiwe chembamba kuliko mshipa kilioingia, la sivyo hakiendi popote.

Huwa naulizwa pia: damu itasukumaje chuma? Watu huiwazia damu kama maji yaliyotuama. Katika aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, damu kila pigo hufikia kasi ya karibu mita moja kwa sekunde, na moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita tano kila dakika. Madini ya risasi ni mazito mara kumi hivi kuliko damu, ni kweli, lakini hapa tunazungumzia gramu mbili, tatu, au nane kwa risasi ya milimita 9, zikiwa ndani ya bomba lenye kuta laini na zenye utelezi. Mtu akiwa amekaa au amesimama, uzito wa risasi nao unaivuta chini. Kutoka kifuani hadi pajani ni suala la muda mfupi sana.

Halafu inakwama. Aota ikiwa tumboni ina upana wa sentimita mbili hivi. Inagawanyika usawa wa kitovu, tawi moja kila mguu, na kila inapogawanyika tena inapungua. Mshipa wa kinena una upana wa kama milimita 8 au 9; ule wa nyuma ya goti ni 6 au 7. Risasi inashuka hadi inapokutana na mahali panapoizidi kwa wembamba, na hapo ndipo inapoziba. Nyuma ya goti ni moja ya vituo vyake vya kawaida. Hata kwamba ni mguu wa kushoto hakunishangazi, kwa kuwa tawi la kushoto la aota huchepuka kwa pembe ndogo kuliko la kulia, hivyo kitu kinachoshuka hukielekea zaidi.

Swali ambalo hukuliuliza, na ambalo mimi ningeliuliza kwanza, ni hili: risasi iliingilia wapi kwenye mfumo wa damu? Kwa mtu aliyepigwa upande wa kushoto wa kifua kuna njia tatu za kufikiria. Huenda ilitoboa aota yenyewe. Huenda iliingia moyoni, upande wa kushoto. Au huenda iliingia kwenye moja ya mishipa inayorudisha damu kutoka pafu kwenda moyoni; hapo ingepita vyumba vya kushoto vya moyo na kutupwa kwenye aota kwa pigo la kawaida. Wengi waliotobolewa aota hufa kabla ya kufika hospitali, kwa hiyo ukimwona aliyefika hai ujue tundu lilikuwa dogo, na damu iliyovilia pembeni pamoja na nyama zinazozunguka mshipa vimelibana kwa muda.

Nimesema kwa muda. Kutoa risasi gotini ni nusu ya matibabu. Ukuta wa mshipa uliotobolewa unaweza kuonekana umefunga, kisha baada ya wiki au miezi ukavimba na kutengeneza mfuko wa damu wenye kuta dhaifu, ambao siku moja unapasuka. Kwa hiyo naomba uende na mdogo wako kliniki na muulize kwa maneno haya haya: "Kifua kilipigwa skani ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa? Moyo ulipimwa kwa ultrasaundi? Tundu lilionekana wapi?" Pengine yote yalifanyika na wewe hukuambiwa, hilo hutokea sana, daktari anazungumza na mgonjwa aliyetoka kwenye nusukaputi na maneno yanapotea. Kama hayakufanyika, yafanyike. Na kama siku yoyote atapata maumivu mapya ya kifua au mgongo, akakohoa damu, akazirai, au akawa na homa isiyoelezeka, asisubiri tarehe ya kliniki. Homa naitaja kwa sababu risasi huingia na vipande vya nguo na uchafu, na moyo uliopitiwa na vitu hivyo unaweza kushika maambukizi kwenye vali zake.

Mpaka hapa nimezungumzia ateri, mishipa inayotoka moyoni. Vena ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayogusa wasiwasi wako wa "kwenda moyoni". Matawi ya ateri huwa membamba kadiri unavyokwenda. Vena hufanya kinyume, kama vijito vinavyoungana hadi kuwa mto. Kitu kilichoingia kwenye vena ya paja au ya tumboni kinakwenda pakubwa zaidi na zaidi, hakikuti pa kukwama, mpaka kinaingia chumba cha juu cha kulia cha moyo, kinashuka cha chini, na mara nyingi kinasukumwa kwenye ateri ya mapafu. Hapo ndipo mishipa inapoanza kugawanyika upya, na ndipo kinaposimama. Kwa hiyo mtu aliyepigwa nyonga anaweza kukutwa na risasi pafuni, kifua chake hakina hata mkwaruzo.

Tofauti kubwa ya pande hizi mbili ni kelele. Risasi ya kwenye ateri hupiga kelele: mguu au mkono unauma ghafla, unapauka, unapoa, unakufa ganzi, mapigo yanapotea, mwishowe vidole havisogei. Ikienda juu badala ya chini, ikaingia mishipa ya shingo inayolisha ubongo, mtu anapata kiharusi. Risasi ya kwenye vena aghalabu ni kimya. Wagonjwa wengi wa aina hiyo hawana dalili yoyote inayotokana na risasi yenyewe, na hugunduliwa kwa sababu tu picha imeonyesha risasi mahali ambapo haikutarajiwa.

Kuna visa viwili vinavyovuruga mpangilio huu. Karibu robo ya watu wazima wana kiuwazi kidogo katika ukuta kati ya vyumba vya juu vya moyo, kilichobaki tangu wakiwa tumboni mwa mama. Kwa kawaida hakiwasumbui. Lakini kitu kilichokuja kwa njia ya vena kikikipata kiuwazi hicho kikiwa na upana wa kukipitisha, kinavuka kwenda kushoto badala ya kwenda mapafuni, na kutoka hapo kinaweza kwenda ubongoni au mguuni. Kisa cha pili ni risasi kurudi nyuma. Shinikizo la damu ndani ya vena kubwa ni dogo mno likilinganishwa na la ateri, hivyo risasi nzito inaweza kushinda mkondo kwa uzito wake tu. Mgonjwa akikaa wima, risasi iliyokuwa imefika moyoni inateremka kwenye vena kuu ya chini, inaingia vena ya ini au ya nyonga. Madaktari wamewahi kuona risasi ikihama kutoka picha moja hadi nyingine kwa sababu tu mgonjwa aligeuzwa kitandani.

Ndiyo sababu kuna kanuni mbili ambazo kila anayepokea majeruhi wa risasi anapaswa kuwa nazo kichwani.

Ya kwanza ni hesabu ya darasa la pili. Jumlisha matundu yote ya ngozini na risasi zote zinazoonekana pichani. Jibu linapaswa kuwa namba shufwa. Tundu moja na risasi moja: mbili, sawa. Matundu mawili na risasi hakuna: mbili, imeingia na kutoka, sawa. Tundu moja na risasi hakuna: moja, namba witiri, na hapo hulali mpaka umeipata. Mdogo wako alikuwa na tundu moja, na picha ya kifua ilikuwa tupu. Hesabu ilikuwa imeshagoma kabla mguu haujaanza kuuma. Palepale angepigwa picha za tumbo, nyonga, miguu, na shingo na kichwa. Sisemi hivi ili mgombane na hospitali. Pale mapokezi watu wanahangaika na pumzi na damu inayomwagika, na risasi isiyoonekana ni rahisi kuifikiria kuwa imetoka zake. Nawaandikia na wanaosoma hapa wakiwa kazini: hesabuni. (Hesabu ina mitego yake, sikatai. Risasi inaweza kuvunjika vipande, mtu anaweza kuwa na risasi ya zamani ambayo hakuitaja, na aliyepigwa usoni anaweza kuimeza risasi, ikaonekana tumboni bila kutoboa chochote huko.)

Ya pili: piga picha upya muda mfupi kabla ya kupasua, mgonjwa akiwa ameshalazwa mezani kwa mkao wa upasuaji. Risasi iliyoonekana moyoni saa mbili zilizopita huenda haipo tena pale. Kufungua kifua cha mtu kwa ajili ya kitu kilichokwisha kuondoka ni kosa ambalo sahani moja ya eksirei ingelizuia.

Hiyo eksirei nayo inataka macho. Risasi iliyotulia kwenye nyama hutoka pichani ikiwa na kingo kali, kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Ukiiona juu ya kivuli cha moyo na kingo zake zimefifia, kama zimechorwa mara mbili, ilikuwa inatikisika wakati picha inapigwa. Inacheza pamoja na mapigo. Basi iko ndani ya moyo, au imeugusa. Skani ya CT hutoa undani zaidi, ingawa chuma hurusha mistari myeupe inayoficha kilicho jirani yake. Ultrasaundi ya moyo huonyesha kama kitu kinaelea ndani ya chumba au kimenasa ukutani.

Kuhusu alichofanyiwa mdogo wako: kwenye ateri hakuna mjadala mrefu, risasi hutolewa, na hutolewa upesi. Msuli uliokatiwa damu kabisa huanza kufa ndani ya saa chache, na saa sita ndicho kipimo ambacho wengi wetu tunakihofia. Daktari hupasua kwa ndani ya goti, hutenganisha mshipa na vena na neva zilizoukumbatia, huubana juu na chini ya risasi, kisha huukata kwa urefu mfupi juu ya kile kigumu anachokihisi kwa kidole. Risasi hutoka na nyuma yake donge la damu iliyoganda, jeusi na refu. Kwa donge linaloendelea chini kwenye muundi hutumia katheta, yaani mrija mwembamba wenye puto dogo nchani, kifaa ambacho Thomas Fogarty wa Marekani alikitangaza mwaka 1963: inapitishwa ikiwa bapa, puto linajazwa likiwa mbele ya donge, halafu vyote vinavutwa pamoja. Risasi yenyewe hatupendi kuivuta kwa puto kutoka mbali, maana iliyogonga mfupa huwa imechanika na ncha zake zinakwangua ukuta wa ndani wa mshipa. Ukiona ana kovu jingine refu pembeni mwa muundi, usishtuke. Misuli iliyokosa damu huvimba damu inaporudi, na utando unaoifunga hulazimika kupasuliwa ili isijinyonge yenyewe.

Nyumbani unaweza kumsaidia kwa jambo dogo. Weka vidole viwili kwenye mgongo wa wayo wake (upande wa juu, si wa kukanyagia), usawa wa katikati, na nyuma ya kifundo cha ndani. Mapigo yapo? Yanafanana na ya mguu wa kulia? Fanyeni hivyo mara kwa mara katika miezi hii ya mwanzo. Mshipa ulioshonwa unaweza kuwa mwembamba polepole, na dalili ya kwanza mara nyingi ni muundi kuuma akitembea na kuacha akipumzika.

Kwa upande wa vena, madaktari hatukubaliani. Risasi iliyo ndani ya moyo upande wa kulia na haijanasa, wengi wetu tutaitoa, kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo, kuharibu vali, kukusanya damu iliyoganda au kubeba maambukizi. Siku hizi mara nyingi haihitaji kufungua kifua: waya wenye kitanzi au kikapu kidogo huingizwa kupitia vena ya kinena au ya shingo, na kwa kuangalia kioo cha eksirei risasi inanaswa na kushushwa hadi inapoweza kutolewa kwa mkato mdogo. Kufungua moyo wenyewe nako kumewezekana kitambo. Katika vita vya pili vya dunia, Dwight Harken, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa Uingereza, alitoa vipande 134 vya silaha kutoka ndani na kandokando ya moyo na mishipa yake mikubwa, 13 kati yake vikiwa ndani ya vyumba vya moyo, bila mgonjwa hata mmoja kufa. Hiyo ni kabla ya kuwepo mashine ya kushika kazi ya moyo wakati wa upasuaji.

Mgogoro upo kwenye kipande kidogo kilichokwama ndani ya pafu kwa mtu asiye na dalili. Wapo wanaosema kitolewe, kwani huwezi kujua kesho. Mimi niko na wale wa kukiacha, kama ni risau moja au kipande kidogo, hakijaziba tawi kubwa la mshipa, na mgonjwa anaweza kurudi kupigwa picha. Upasuaji una madhara yake ya hakika, na kitu kilichobanwa katika tawi jembamba la pafuni kwa kawaida hufunikwa na kovu na kubaki hapo. Risasi nzima, kubwa, iliyokaa kwenye tawi kuu la ateri ya mapafu, ningeitoa.

Sasa marisau yako ya begani. Hayaendi moyoni. Naweza kusema hivyo kwa ujasiri kwa sababu yamekaa miaka mingi: chuma kilichoachwa kwenye nyama huzungushiwa na mwili utando mgumu wa kovu, na kikishafungwa hivyo hakina njia ya kuufikia mkondo wa damu. Kinachosafiri ni kile kilichoingia ndani ya mshipa siku ya jeraha, na kwa kawaida husafiri siku hiyo hiyo au siku chache baadaye. Kuna taarifa za vitu vilivyolala ubavuni mwa mshipa mkubwa vikaula ukuta wake kidogo kidogo hadi vikaingia baada ya miaka, lakini hizo ni nadra ndani ya nadra. Begani pana kiungo cha mifupa, na kwapani pana mshipa mkubwa, kwa hiyo nitakachotaka kujua ni marisau yamekaa wapi hasa. Ukiona uvimbe unaodunda kama mapigo, mkono kuvimba, au vidole kufa ganzi na kupoa, hapo nenda hospitali siku hiyo.

Watu wengi hutaka yatolewe tu ili roho itulie, kana kwamba risasi mwilini ni lazima iue. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881. Madaktari waliitafuta kwa kuingiza vidole visivyooshwa kwenye jeraha, na Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, akaja na kifaa cha umeme cha kutambua chuma. Wote waliitafuta upande wa kulia. Alifariki tarehe 19 Septemba akiwa na maambukizi mabaya. Risasi ilikutwa upande wa kushoto, imekwisha kufunikwa na utando wake.

Kitu kimoja kinaweza kunifanya nikushauri yatolewe: kama yamo ndani ya kiungo cha bega au yameugusa. Maji yanayolainisha viungo huyeyusha madini ya risasi kidogo kidogo, na sumu yake ikaingia kwenye damu kwa miaka bila mtu kuhisi kitu. Kwenye nyama jambo hilo ni dogo zaidi kwa sababu ya ule utando. Ukiwa na uchovu usioisha, tumbo la kunyonga, kukosa choo, upungufu wa damu au viganja kulegea, mweleze daktari kwamba una marisau mwilini, maana hatabuni mwenyewe. Kipimo cha kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinajibu swali hilo. Hata usipokuwa na dalili, kipimo kimoja na eksirei moja ya bega si vibaya. Ukienda, beba picha ya zamani kama bado unayo, ilinganishwe na mpya. Na siku ukiambiwa upigwe picha ya MRI, ile inayotumia sumaku kali, kwa ugonjwa wowote ule, waambie mapema kabla hujaingia chumbani: madini ya risasi hayavutwi na sumaku, lakini marisau mengine hutengenezwa kwa chuma cha pua au chuma cha kawaida, na kwa macho ya eksirei yote yanafanana.

Kwa mdogo wako, skani ya kifua kwanza. Ya bega lako inaweza kusubiri zamu yake.